Klavye Isiyo na Herufi

Mwamini mwanangu,

Paka hakumwaga chai.

Nimeanza na hilo ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Siku ile uliingia ukakuta kompyuta yako imelowa, mimi nimesimama na kitambaa mkononi, nikakuambia, "Paka alipita mezani." Aliyepita mezani ni mimi. Nilikuwa nasoma kwa mara ya nne barua ya shule ya Kindu iliyosema umekubaliwa, mkono mmoja umeshika barua, mwingine kikombe, nacheka peke yangu. Kikombe kikagonga ukingo wa skrini. Tangu hapo A, E, M na kile kitufe kirefu cha nafasi havijafufuka. Wewe ukamfukuza paka kwa ufagio mpaka uani. Yeye hakuelewa kosa lake. Mimi nililielewa, nikaendelea kupangusa meza.

Sasa ni alasiri. Uko kwa shangazi yako Zuhura unasukwa, na kwa jinsi Zuhura anavyosuka huku akisimulia, najua hutarudi kabla ya giza. Kesho baada ya swala ya alfajiri pikipiki inakuchukua. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kukunja nguo, wala za wanaume wa njiani. Hayo Zuhura anakuambia sasa hivi amekushika kichwa, na huna pa kukimbilia. Mimi nakuandikia habari za klavye. Redioni wanasema kibodi. Sisi hapa Kasongo tumezoea klavye, na tuiache hivyo.

Kwa sababu nimeipata, Mwamini. Iko chini ya vidole vyangu wakati huu, imechomekwa kwenye kompyuta yako, na kila neno unalosoma limepita humo. Moyo unanienda mbio kama wa msichana anayejaribu viatu vya Idi. Utaisoma barua hii ukifika Kindu na kufungua mashini, nami natamani nione uso wako.

Nilitoka asubuhi na hofu. Shule imesema kila mwanafunzi aje na kompyuta inayofanya kazi, na siku ya kwanza mtapewa ukurasa wa kunakili huku saa inakimbia. Asiyemaliza anarudishwa nyumbani mpaka mwaka ujao. Mkononi nilikuwa na pesa aliyotuma baba yako kutoka Lusangi, ya dhahabu kidogo aliyoiosha mwezi huu. Hiyo haigusi kompyuta nyingine, na haitoshi kubadilisha klavye ya ndani. Inatosha klavye ya nje, ya kuchomeka kwa waya, tena kama muuzaji ameamka vizuri.

Shabani, yule wa chaja na vipuri vya redio nyuma ya soko, aliniwekea ya kwanza mezani kabla sijaketi.

"Mama Mwamini, hii ndiyo ya vijana. Angalia taa. Nyekundu, kijani, bulu. Usiku mutoto anaandika bila lampi."

"Na mchana?"

"Mchana anaringa."

Nilibonyeza kile kitufe kirefu, si katikati bali pembeni, pale dole gumba linapoangukia mtu akichoka. Kikalala upande, kikakwama. Nikaukunja waya karibu na kichwa chake, mahali zinapofia karibu zote, nikausikia mwembamba kama kamba ya kiatu. Taa zile nazo zingekula betri yako, na wewe na umeme wa Kindu hamjajuana bado.

Ya pili ilikuwa ya mpira, laini, inakunjwa kama chapati.

"Hii hata ukimwaga chai, haisikii," Shabani akasema.

"Nani alikuambia habari ya chai?"

"Mama, Kasongo ni ndogo. Nasikia ni paka."

Niliinamisha uso nikajaribu kuandika. Klavye ile haijibu. Unabonyeza kama unakanda unga, na kidole hakijui kama kimesikiwa. Nikaikunja nikamrudishia. Hapo nikaona ncha nyeusi imechungulia kwenye gunia la mchele chini ya meza.

"Na ile?"

"Ile? Achana nayo. Ilitokaka Kabambare, ku ofisi moja ilifungwa. Haina herufi. Watu wananiuliza A iko wapi, nawaambia mimi niko muuzaji, siko mwalimu."

Nikaivuta. Nzito. Herufi zote zimefutika, vitufe vimeng'aa kama punje za tasbihi iliyopitia mikono mingi. Nikaigeuza nikaitikisa: zikaanguka punje tatu za mchele na sisimizi aliyekufa. Skrubu zote zipo, hakuna aliyeifungua. Waya mnene, shingo haijapasuka. Kitufe cha kuteremka mstari ni kirefu, cha ngazi mbili, na kushoto kabisa chini kuna kile kitufe kidogo cha ziada kinachoonyesha kwamba ilipangwa kwa Kifaransa. Nikamwambia aichomeke kwenye mashini yake. Vitaa vyake vitatu vikawaka vikazima, kama mtu aliyeitwa jina. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, vyote vitatu vikatokea. Kisha nikafumba macho.

"Mama, unalala?"

"Naandika."

Niliandika kwamba Shabani wa nyuma ya soko anauza ghali, na kwamba Mungu anamwona. Akasogea kwenye skrini akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii umeandika bila kuangalia?"

"Ningeangalia nini? Haina herufi."

Akacheka mpaka jirani yake wa sabuni akauliza kuna nini. Halafu akashusha bei kabla sijaomba. "Kasongo yote hii, ni wewe na binti yako tu ndio mutaitaka. Mwingine nitamuuzia nani?"

Unajua desturi ya soko letu kwa vitu vilivyotumika: unaacha rehani, unaenda na kitu, unakijaribu mpaka adhana ya maghrib. Kabla ya adhana unarudisha bila ugomvi. Adhana ikilia kikiwa kwako, ni chako pamoja na maradhi yake, na unapeleka pesa. Nimeacha saa yangu ya mkono. Kwa hiyo sijui ni saa ngapi, nasikiliza tu.

Na njia ya kuijaribu klavye ni kuandika kirefu, mpaka vidole visahau kwamba vinajaribu. Kitufe kibovu hujificha kwenye sentensi fupi. Barua hii ndiyo jaribio. Kiswahili hakina kazi na q wala x, kwa hiyo hizi hapa: qqqq xxxx. Na zile za Kifaransa za mstari wa juu: é è ç à. Zote zimeitika.

Sasa lile jambo lenyewe. Uliwahi kuniuliza nani alinifundisha kuandika bila kuangalia, nikakujibu, "Nilijifunza mwenyewe." Huo nao ulikuwa uongo, na huu hatuwezi kumpa paka.

Alinifundisha Mwalimu Augustin. Ndiyo, yule mzee wa baiskeli wa njia ya misheni, ambaye babu yako akimwona anavuka upande wa pili. Alitufundisha kwenye mashine za chuma za kupigia chapa, na alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa ili macho yasiviibie vidole kazi. Mwaka wa mwisho nilikuwa na mimba yako. Walimu wengine waliniambia nikapumzike nyumbani. Yeye alinibakiza darasani. Alikuja akaivuta mashine yangu karibu na ukingo wa meza ili mikono ifike na tumbo lipate nafasi, akaendelea na somo.

Yeye na babu yako walikuwa na jambo lao lililoanzia kwa baba zao. Kila Noeli Mwalimu alimwita babu yako amchinjie mbuzi, ili majirani Waislamu nao wale mezani pake bila wasiwasi. Na siku ya Idi, sahani ya kwanza ya pilau kutoka kwetu ilikwenda kwake, kabla hata ya wajomba. Nikiwa mdogo nilidhani ndivyo dini hizi mbili zilivyoandikwa.

Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu ofisi moja ilipokuja Kasongo ikitafuta mpiga chapa kwa kompyuta. Jaribio lingefanyika baada ya miezi miwili, na Mwalimu Augustin aliombwa kulisimamia. Mwenye duka la fotokopi alinikubalia nifanye mazoezi kwake, ila nilete klavye yangu, ya kwake nisiichakaze. Nikaenda sokoni na babu yako. Kulikuwa na mbili. Moja nyeusi, ya Kifaransa, imetumika, sura kama sufuria iliyoungua. Nyingine rangi ya fedha, kutoka Dubai, na kando ya kila herufi ya Kizungu imechorwa herufi ya Kiarabu. Babu yako aliishika akasoma kwa sauti, alif, ba, ta, mbele za watu. "Mutoto wangu ataandika kwa mashini iko na alif," akasema. Niliona kwamba A haiko mahali pake: ilikaa pale penye Q kwenye mashine za Mwalimu, zilizopangwa Kifaransa. Niliona, Mwamini. Nikajiambia nitazoea, kwa sababu nilikuwa msichana aliyezaa bila ndoa, na baba yangu alikuwa ananionea fahari sokoni.

Siku ya kwanza kwenye fotokopi vidole vyangu vilikwenda palepale Mwalimu alipovizoeza, na skrini ikaandika sawasawa, Kifaransa safi. Ila nikitazama chini, vitufe vilisema kitu kingine. Hilo likanisumbua. Nikamwomba mwenye fotokopi aibadilishe kompyuta ifuate yaliyochorwa. Akabadilisha. Miezi miwili nikaandika nikiangalia chini, na kila siku nilikuwa naondoa kwenye vidole vyangu kitu ambacho kilichukua miaka kuwekwa.

Siku ya jaribio tulikuta klavye za Kifaransa. Nilipobonyeza M ya "Monsieur" pale nilipoizoea kwenye klavye ya fedha, ikatoka alama ya kuuliza. Barua yangu rasmi ilianza kwa alama ya kuuliza. Kila A ikawa Q. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwalimu alikuwa anapita nyuma yetu. Akasimama kwangu. Akatoa leso yake mfukoni akaiweka juu ya mikono yangu, taratibu.

Kwa leso hiyo alikuwa ananiambia nifumbe macho. Sasa najua kwamba ningefumba, vidole vingerudi nyumbani vyenyewe. Lakini niliona ananiaibisha mbele ya wenzangu, nikaisukuma leso ikaniangukia mapajani. Kengele ikalia nikiwa na mistari sita. Aliyeshinda alikuwa mpwa wake Mwalimu, na alishinda kwa sababu alimaliza ukurasa.

Nyumbani babu yako alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani amepata?"

"Mpwa wa Mwalimu," nikasema. Hapo nilikuwa bado kwenye kweli. Kisha nikaongeza neno moja. "Walipanga."

Neno moja. Nililitoa kama mtu anavyotema mbegu. Noeli ile Mwalimu alimtuma mtu kumwita babu yako, na babu yako akajibu, "Mwambie kisu yangu ilivunjika." Mwalimu angeweza kuita mchinjaji mwingine, mjini wapo wengi. Hakuita. Tangu mwaka ule Noeli kwake ni samaki wa Nyangwe, maana samaki hahitaji mkono wa mchinjaji, na majirani wote wanakula. Na kila mwaka anatuletea sahani. Unajua inakokwenda. Babu yako anaichukua kwa heshima, anasema asante, mletaji akiondoka anampa paka.

Mara chache nikikutana na Mwalimu njiani anasimamisha baiskeli. "Vidole vinaendelea?" "Vinaendelea, Mwalimu." Basi. Hajawahi kuuliza zaidi, na mimi nimekuwa nikiuita upole wake kutojua.

Leso ile nilifika nayo nyumbani bila kukusudia. Ndiyo kile kitambaa cha mistari ya bluu nilichokufunika nacho mikono tangu una miaka tisa, ukalia ukisema unaona giza. Ulijifunza kwa leso ya mtu niliyemsingizia.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na ninachokijua ni kidogo. Kompyuta haioni yaliyochorwa juu ya vitufe. Rangi ile ni yetu sisi. Yenyewe inajua mahali tu. Ile klavye ya fedha haikuwa na kosa. Ningeiacha kompyuta kwenye Kifaransa, ningefumba macho, ningeshinda kwa klavye yoyote ile. Nilikuwa na kitu kizuri mikononi, nikakibadilisha ili kifanane na sura ya juu. Na nilipoanguka nikafanya hivyohivyo na ukweli. Ndiyo maana leo asubuhi, nilipoona vitufe vile havina chochote, nilitaka kumkumbatia Shabani.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Nilikuwa nahesabu vitufe ambavyo sijavijaribu, nikakuta mishale bado. Na babu yako akaingia kutoka dukani kuomba maji.

Sikufikiri sana. Ningefikiri, nisingefanya. "Baba, keti hapa. Kuna kitu usome."

"Macho yangu na mashini haipatane."

"Nitaongeza ukubwa. Ukimaliza mstari, bonyeza huu mshale, itashuka."

Akavaa miwani, akaweka kidole kimoja juu ya mshale. Nikatoka uani nikasimama na paka. Kutoka ndani nilisikia mshale: tk. Kimya. Tk. Anasoma kama anavyosoma msahafu, haruki neno. Nilimsikia anacheka kidogo, nadhani kwa Shabani. Kisha tk, tk, tk. Kisha mshale ukanyamaza, nami nilijua amefika neno gani.

Aliniita baada ya muda ambao sikuwa na saa ya kuupima.

"Walipanga," akasema. Hakuwa anauliza.

"Hapana, baba. Hawakupanga. Mimi nilishindwa."

"Myaka kumi na tano napishana na Augustin ku barabara kama ananuka."

"Ndiyo, baba."

"Samaki yake namupa paka."

"Ndiyo, baba."

"Na paka yenyewe tena ukaisingizia chai." Akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Sikuweza kujua kama uso ule ni wa hasira au wa kitu kingine. Kisha akainuka. "Kisu yangu iko wapi?"

Nakuambia kweli, niliogopa. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Noeli iko mbali, baba."

"Najua. Kisu haikuguswa myaka yote hii. Itaomba jiwe siku mingi." Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kwa Augustin sitangulii mimi. Mlango ni wewe ulifunga, hodi utapiga wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Yuko uani sasa hivi. Namsikia anapitisha kisu kwenye jiwe. Kila kitufe kimeitika, na mshale babu yako ameujaribu mstari kwa mstari, kuliko ambavyo ningeujaribu mimi.

Adhana imeanza, Mwamini. Klavye ni yako. Hata kama kesho itaumwa, ni yako, na siku ya ukurasa ule wa kunakili hutakuwa na cha kuangalia ila ukurasa wenyewe. Keti, tafuta vile vinundu viwili vidogo chini ya vidole vya shahada, uanze.

Mimi na babu yako tutaswali, nitampelekea Shabani pesa yake, kisha tutakwenda njia ya misheni. Sijui Mwalimu atasema nini. Labda ataniuliza habari za vidole. Safari hii nitamjibu kwa kirefu. Paka nitamwomba radhi mwenyewe.

Nilikuwa nimeifunga klavye yako kwa ile leso, tayari kwa safari. Nimeifungua tena niongeze haya machache. Leso ina mwenyewe, naichukua mkononi nikamrudishie. Klavye yako itasafiri ndani ya kitenge changu, na leso hutaihitaji tena, kwa maana klavye hii haina kitu cha kufunika.

Mama yako